Nyaatha wa Gikondi: Maisha ya Sista Irene Stefani



Husemwa mara nyingi kwamba mwenye kuwahurumia wenzake hujipatia afya njema, usingizi mtamu na umri mrefu. Wanafunzi wangu huniuliza kama jambo hili ni kweli. Huwa siwajibu kwa hoja, bali huwasimulia maisha ya mwanamke mmoja, naye si wa dini yetu. Itikadi yake na yetu zatofautiana katika mambo makubwa, lakini haki yatupasa tulitaje jema popote tulionapo.

Irene Stefani alizaliwa tarehe 22 Agosti 1891 katika kijiji cha Anfo, kaskazini ya Italia. Mwaka 1911 alijiunga na watawa wa Consolata, na mwanzoni mwa 1915 akashuka Mombasa. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imekwisha kuwaka katika nchi zetu.

Tafadhali, ndugu msomaji, tua kidogo hapa. Katika vita ile majeshi hayakuwa na magari ya kutosha wala wanyama wa kustahimili mbung'o. Chakula na risasi vilibebwa juu ya vichwa vya Waafrika. Waingereza peke yao waliwakusanya wapagazi mamia ya maelfu, na makumi ya maelfu kati yao hawakurudi makwao. Wengi hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, homa, kichomi na njaa. Jina la Kariakoo, mjini Dar es Salaam, ni ukumbusho wa jeshi lile la wapagazi, ingawa wengi wanunuao mboga pale leo hawalijui hilo.

Hao ndio aliopewa Irene awauguze: kwanza Voi, kisha Kilwa Kivinje, Lindi na Dar es Salaam. Hospitali zilikuwa mabanda, wagonjwa wamelala wamebanana, na dawa haba. Aliwaosha vidonda, akawalisha kwa mkono wake, akajifunza lugha yao ili wasife bila ya mtu wa kusema naye. Husimuliwa kwamba siku moja huko Kilwa alimkosa mgonjwa mmoja kitandani pake, akaambiwa amekwisha kufa na amepelekwa ufukweni pamoja na maiti wengine. Hakuridhika. Alikwenda, akawageuza maiti mmoja mmoja, hata akamkuta mtu yule angali anapumua.

Vita ilipokwisha, alihamia Gikondi, katika nchi ya Wakikuyu, karibu na Nyeri, akakaa huko tangu 1920. Alifundisha, akapanda na kushuka vilima kwa miguu kuwaangalia wazazi na wagonjwa. Msomaji wa Daudi, kule Mbulu, ajuaye jinsi miinuko ya nchi yake inavyochosha magoti, hahitaji kuelezwa kazi hiyo. Watu wasiojua kuandika walimjia awaandikie barua kwa watoto wao waliokwenda kutafuta kazi mbali. Wakamwita Nyaatha, yaani mwenye huruma.

Basi, je, alipata afya na umri mrefu? Hapana. Mwezi Oktoba 1930 alikwenda kumwuguza mgonjwa wa tauni, akaambukizwa, akafa tarehe 31 ya mwezi huo. Umri wake ulikuwa miaka 39.

Tauni si hadithi ya kale tu. Mwaka 2007 ilizuka tena katika wilaya ya Mbulu. Leo zipo dawa za kuiponya iwapo mgonjwa atawahishwa hospitali, nazo hazikuwapo zama za Irene. Mtume wetu Muhammad s.a.w. alifundisha kwamba mtu asiingie katika nchi yenye tauni, wala aliyemo asiikimbie. Abu Ubaida r.a., jemadari wa Waislamu huko Shamu, alitakiwa na Khalifa Umar r.a. aondoke penye tauni. Akachagua kubaki na watu wake, akafa pamoja nao mwaka 639. Naona mfano wa Irene ni wa namna hiyo. Tauni haikumkuta akiwa mgeni aliyekwenda kuitafuta. Alikuwa amekaa na watu wale miaka kumi.

Hata hivyo, waliomjua wamemkumbuka kuwa mtu mchangamfu, mwepesi wa tabasamu, wala si mwenye uso wa majonzi. Hili ndilo huwashangaza wanafunzi wangu kuliko kifo chake. Mwili wake ulichakaa mapema. Moyo wake haukuchakaa. Hao wanaoihubiri huruma kana kwamba ni dawa ya shinikizo la damu wameisoma nusu ya habari, na kwa maoni yangu ni nusu iliyo ndogo.

Tarehe 23 Mei 2015 Kanisa Katoliki lilimtangaza Mwenye Heri katika ibada iliyofanyika Nyeri, mbele ya umati mkubwa. Wapagazi wa Kilwa na Lindi hawakuwapo, na majina yao wengi hayakuandikwa popote.