Apolo Kivebulaya, Muganda aliyeomba kuzikwa akielekea pori la Congo

Watu wengi hapa kwetu wakisikia neno misioneri, wanawaza muzungu mwenye ndevu na kofia. Lakini ku Boga, katika teritware ya Irumu, jimbo la Ituri, mutu aliyeleta mafundisho ya Kristo na kuyasimamisha alikuwa Mwafrika. Alitoka ngambo ya Semliki, akiwa na lugha ingine na desturi zingine. Jina lake ni Apolo Kivebulaya.

Alizaliwa karibu mwaka wa 1864 katika Buganda, inchi ya Uganda ya leo. Wazazi walimuita Waswa, jina ambalo Baganda wanapatia mutoto mwanaume anayetangulia kuzaliwa kati ya mapacha. Wakati wa ujana wake, inchi yao ilikuwa ya fujo. Waislamu, Wakatoliki na Waprotestanti walipigania nafasi kwa mfalme. Yeye mwenyewe alikuwa kwanza upande wa Uislamu. Kisha akasikiliza mafundisho ya misioneri Alexander Mackay, na yale maneno yakabaki ndani yake. Alibeba pia silaha, akasafiri na askari wa Waingereza mpaka Toro. Mwaka wa 1895 alibatizwa na akachukua jina la Apolo.

Jina Kivebulaya linatokana na nguo. Alikuwa anapenda kuvaa koti nyekundu juu ya kanzu yake, koti ya namna ya askari. Kwa Kiganda, watu wakasema huyu ni kitu kilichotoka Ulaya. Njo jina likamshika mpaka kufa. Alikuwa ameoa, lakini bibi yake alikufa, na Apolo hakuoa tena.

Njaa, fimbo na gereza

Wakristo wa Toro walikuwa wametuma walimu wawili ku Boga mbele yake. Chifu wa pale, Tabaro, hakuwataka. Aliwakatia chakula na njaa ikawarudisha kwao. Mwisho wa mwaka wa 1896 Apolo akaomba kwenda yeye. Akavuka bonde la Semliki na kupanda mlima wa upande wetu. Alijua kile kilichowapata wenzake, kwa hiyo alijilimia mwenyewe ili asimtegemee chifu.

Tuseme ukweli: Tabaro alikuwa na sababu zake. Apolo alifundisha watu waache pombe na wasioe wanawake wengi, na mambo hayo mawili yalikuwa ndani ya heshima ya chifu. Tena huyu mwalimu alikuwa mgeni, na alikuja kupitia njia ileile askari wa Waingereza walipitia. Chifu yeyote angejiuliza anakuja kutafuta nini.

Mwaka wa 1898 kukatokea msiba. Dada wa chifu alichomwa na mkuki kwa ajali, wakati kazi ya kujenga ilikuwa inaendelea. Lawama yote ikaanguka juu ya Apolo. Walimshika, wakampiga, wakampeleka Toro mbele ya mkubwa wa Waingereza, naye akatiwa gerezani kama muuaji. Apolo alieleza baadaye kwamba akiwa mule aliona Kristo aking'aa kama jua, akimwambia asiogope na aendelee kuhubiri. Kosa halikuonekana, akafunguliwa.

Mutu mwingine angerudi kwao Buganda, na hakuna angemlaumu. Apolo alirudi ku Boga, kwa watu walewale waliomfunga. Tabaro alishangaa kuona mutu aliyepigwa hivyo anarudi bila kutafuta kisasi. Kisha chifu mwenyewe akaomba kufundishwa, na siku ya ubatizo akapewa jina la Paulo.

Mpaka unahama, kanisa linabaki

Apolo alifanywa shemasi mwaka wa 1900, na mwaka wa 1903 akawa padri wa Anglikana. Kwa miaka mingi alifanya kazi Toro, huku akiwaza Boga. Wakati ule Waingereza walihesabu Boga kuwa upande wao. Mkataba wa mwaka wa 1910 kati yao na Wabeleji ukabadilisha mambo, na mpaka ulipopimwa Boga ikaingia katika Congo ya Wabeleji.

Walimu kutoka Uganda waliondoka, lakini Wakristo wa Boga waliendelea kusali wao wenyewe. Kufika karibu mwaka wa 1915 Apolo akarudi, na safari hii ilikuwa ya kubaki. Wengine wangesema inchi imeshakuwa ya wengine, basi kazi imekwisha. Yeye aliona watu ni walewale, hata kama karatasi za wakubwa zimebadilika.

Kwa Bambuti

Mwaka wa 1921 alikuwa na karibu miaka 57. Ni umri ambao wengi wanatafuta kupumzika. Yeye akaanza kuingia porini kwa Bambuti. Wakati ule, na mpaka leo kwa aibu yetu, kuko watu waliowahesabu Bambuti kuwa chini ya wengine: wanafaa kuleta nyama na kubeba mizigo, lakini hawawezi kukaa ku benchi moja na jirani zao. Apolo alikwenda kukaa nao, akala nao, akajifunza kuongea nao. Alianza pia kutafsiri Injili ya Marko kwa lugha yao. Kabla ya kufa aliwaona wengine kati yao wakibatizwa.

Hapo njo tunaona alifahamu namna gani ile amri ya kupeleka habari njema kwa mataifa yote. Kwake neno yote halikuacha mutu inje, hata yule ambaye jirani yake anamdharau. Na hakufanya kazi peke yake. Aliwafundisha vijana wa Boga kusoma, akawatuma kuwa walimu katika mingini mingine. Bila hao, kazi ingekufa pamoja naye.

Kaburi lake

Mwaka wa 1922 alipewa heshima ya kuwa kanoni wa kanisa kubwa la Namirembe, Kampala. Angeweza kuzeeka kule vizuri. Alifia ku Boga, tarehe 30 mwezi wa tano 1933. Kwa desturi, mutu angezikwa kichwa kikielekea kwao, kwa Apolo ingekuwa mashariki. Yeye aliacha neno kwamba wamuelekeze magharibi, upande wa pori, kwani kazi ilikuwa bado kule.

Kazi ilikwenda kweli. Kutoka Boga, Kanisa la Anglikana lilifika Bunia, Butembo, Bukavu na Kisangani. Mwaka wa 1972 Boga ikawa makao ya askofu.

Lakini Boga imelia pia. Usiku wa kuamkia tarehe 31 mwezi wa tano 2021, watu wenye silaha walishambulia Boga na Tchabi. Makumi ya watu waliuawa na maelfu wakakimbia. Ilikuwa usiku wa siku ileile ambayo Waanglikana wanakumbuka kifo cha Apolo.

Siku hizi, mgeni akifika mungini, swali la kwanza ni kabila lake na inchi yake. Vita imetufundisha kuuliza hivyo, na woga wetu una sababu. Hata hivyo wakaaji wa Boga, ambao babu zao walimpiga Muganda mmoja na kumtia gerezani, wanamuita leo baba yao. Sisi wa dini zote katika Ituri, Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini tunaweza kujiuliza ni nani jirani yetu leo ambaye hatujakubali kukaa naye ku benchi moja.