James Squire: Mwizi wa kuku aliyeomoka kuwa sonko wa bia Australia, kisha kiwanda kikapotea

Ukiwauliza wapenda kanywaji wa Sydney nani baba wa bia ya kwao, wengi watakutajia James Squire. Jina lake liko kwenye chupa hadi leo. Lakini bia aliyopika mwenyewe hakuna mtu aliye hai aliyewahi kuionja, kwa sababu kiwanda chake kilifungwa mwaka wa 1834. Huyu mzee alikuwa nani, na kiwanda kilipotea aje?

Squire alizaliwa katikati ya miaka ya 1750 huko Kingston, mji ulio kando ya mto Thames, Uingereza. Hakuwa malaika. Mwaka wa 1785 alipatikana na hatia ya kuiba kuku wa wenyewe, majogoo wanne na makoo watano. Mahakama haikumhurumia: miaka saba ya kufukuzwa ng'ambo. Akamwacha mkewe Martha na watoto, akapandishwa meli pamoja na wafungwa wenzake. Meli zilikuwa 11, na zilitia nanga Sydney Januari 1788. Kwa Waingereza huo ulikuwa mwanzo wa koloni jipya. Kwa wenyeji waliokuwa wakiishi hapo tangu enzi za mababu, ulikuwa mwanzo wa masaibu.

Maisha kule yalikuwa ya kusota. Chakula kilipimwa, na mwizi hakubembelezwa. Mwaka wa 1789 Squire akashikwa tena, safari hii na dawa za hospitali, zikiwemo pilipili manga na majani machungu ya kutibu kikohozi. Akajitetea eti majani yalikuwa ya mpenzi wake mjamzito. Wapi! Alihukumiwa viboko 300: 150 papo hapo, na vingine mgongo ukipona. Siku hizi wengi wanaamini jamaa alikuwa anatafuta kitu cha kuipa bia uchungu, kwa sababu hopsi, ule mmea wa kutambaa ambao maua yake hufanya kazi hiyo, ulikuwa haujaanza kulimwa huko.

Kumbuka wakati huo mfalme wa vinywaji alikuwa ramu. Maofisa wa jeshi ndio walioshikilia biashara yake, na wafanyakazi wengine walilipwa ramu badala ya pesa. Watu walilewa vibaya, na serikali ikaona afadhali wanywe bia. Hapo ndipo Squire alipoona mwanya. Aliwapikia bia wazito wawili wa jeshi, Francis Grose na William Paterson, na nyingine akauzia watu.

Hakuwa peke yake. John Boston naye alipika bia ya mahindi mwaka wa 1796, akaitia uchungu kwa majani na mashina ya mmea wa jamii ya nyanya. Kwa hivyo ubishi wa nani alianza haujaisha. Hata serikali ilifungua kiwanda chake cha bia Parramatta mwaka wa 1804, lakini hakikudumu mikononi mwake. Squire ndiye aliyeifanya bia ikawa biashara ya kusimama.

Kifungo kilipoisha, alipewa ekari 30 mwaka wa 1795 pale Kissing Point, kando ya mto Parramatta. Mahali penyewe palikuwa poa sana, kwa sababu mashua zilipita hapo zikienda na kurudi kati ya Sydney na Parramatta. Akafungua baa, akaiita Malt Shovel, yaani koleo la kimea. Majirani waliochoka na kilimo wakamuuzia mashamba yao, hadi akamiliki karibu ekari 1,000.

Halafu mwaka wa 1806 akafanya kilichowashinda wengine: akafanikiwa kukuza hopsi. Alipeleka mimea miwili kwa Gavana Philip Gidley King, na gavana akafurahi hadi akaamuru apewe ng'ombe kutoka kundi la serikali. Fikiria hapo. Mtu aliyefukuzwa kwao kwa sababu ya kuku, serikali ileile inamzawadi ng'ombe!

Kufikia 1820 kiwanda chake kilikuwa kinatoa mapipa makubwa 40 kwa wiki. Alikuwa pia mwokaji mikate na mchinjaji, na wakulima waliokwama walimkopa doo. Si hayo tu, mwizi wa kuku aliwahi kuwa karao wa mtaa wake.

Lakini tuseme ukweli wote. Ardhi aliyoomokea ilikuwa ya watu wa Wallumedegal, na hakuna aliyewauliza kabla ya kuigawa. Bennelong, mwenyeji maarufu aliyetekwa kwa amri ya gavana mwaka wa 1789 na baadaye akapelekwa hadi Uingereza, alimalizia maisha yake Kissing Point. Alifariki Januari 1813, akazikwa kwenye shamba la matunda la Squire.

Squire mwenyewe aliaga Mei 16, 1822. Mwanawe, ambaye pia aliitwa James, alirithi kiwanda lakini akafa mwaka wa 1826. Mkwe wa familia, Thomas Charles Farnell, akajaribu kukiendeleza. Alipofariki mwaka wa 1834, mambo yakaishia hapo. Mjukuu, James Squire Farnell, hakufuata pombe. Aliingia siasa, na mwaka wa 1877 akawa waziri mkuu wa New South Wales.

Mwaka mmoja tu baada ya Kissing Point kufungwa, Kent Brewery ilianzishwa Sydney. Hicho ndicho kiwanda cha kampuni ya Tooth, iliyomeza Resch's mwaka wa 1929 na kuwapa watu bia ya KB. Wazee waliozoea bia hizo hukumbuka enzi ambapo kinywaji chao kilipikwa katikati ya mji. Tooth nayo ikauza biashara ya bia mwaka wa 1983, na Kent ikafungwa 2005. Leo pale kuna maghorofa ya kuishi, na bomba refu la moshi limeachwa kama kumbukumbu.

Mwishoni mwa miaka ya 1990, kampuni nyingine ilichukua majina ya Squire na Malt Shovel ikaanza kuuza bia. Moja yao inaitwa One Fifty Lashes, yaani viboko 150. Maumivu ya mzee yamekuwa jina la kinywaji, na yeye hapati hata senti.

Kwa hivyo ukikutana na chupa yenye jina lake, jua unakunywa bia ya juzi. Ile ya Kissing Point iliisha na waliojua kuipika.