Aprili ya Sokoine, Aprili ya Hesabu

Mwezi wa Aprili una mambo mawili ambayo nchini mwetu aghalabu hutajwa mbalimbali, na sisi tunaona yafaa yatajwe pamoja. Tarehe 12 ya mwezi huo tunamkumbuka Ndugu Edward Moringe Sokoine, aliyefariki mwaka 1984 akiwa Waziri Mkuu wa Jamhuri ya Muungano. Na ni katika mwezi huohuo ambapo taarifa ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali huwekwa mezani Bungeni, Dodoma, wananchi wakapata kujua fedha yao ilivyotumika na ilivyopotea. Jambo la kwanza hufanywa kwa ibada na mashada ya maua. La pili hufanywa kwa makelele ya wiki mbili, kisha kila mtu hurudi kwenye shughuli zake.

Hapa Mbeya jina la Sokoine limewekwa juu ya uwanja wa mpira, na humu sokoni Mwanjelwa hutajwa kila sukari inapopanda bei au kila inapovuma habari ya mkubwa fulani aliyejenga nyumba isiyolingana na mshahara wake. Watu husema laiti angekuwapo. Wanachokikumbuka ni ukali wake, na kweli mtu yule alikuwa mkali. Lakini kiongozi akikumbukwa kwa ukali peke yake, kila mtendaji mwenye kirungu mkononi hujiona kuwa mrithi wake, akamwaga vitumbua vya mama lishe barabarani na kudhani ametenda kazi ya Sokoine. Kwa sababu hiyo tunaona ni wajibu kuyasimulia maisha yake upya, pamoja na yale ambayo hayasemwi siku ya kumbukumbu.

Sokoine alizaliwa Monduli, katika Mkoa wa Arusha, tarehe 1 Agosti 1938, katika jamii ya wafugaji wa Kimasai ambayo wakati ule ilipeleka watoto wachache sana shuleni. Baada ya masomo yake, yaliyomfikisha Shule ya Sekondari Umbwe, aliingia TANU mwaka wa Uhuru, 1961, kisha akapelekwa Ujerumani Magharibi kusomea utawala. Aliporudi alifanya kazi ya utendaji katika Wilaya ya Masai, kazi ya kushinda juani akihesabu mifugo, kodi na visima. Mwaka 1965 wananchi wa huko walimchagua kuwa Mbunge. Mwaka 1967, mwaka wa Azimio la Arusha, aliteuliwa kuwa Naibu Waziri, na mwaka 1972 akakabidhiwa Wizara ya Ulinzi.

TANU na Afro-Shirazi zilipoungana tarehe 5 Februari 1977 kuzaa Chama Cha Mapinduzi, Mwalimu Nyerere alimteua Sokoine kuwa Waziri Mkuu siku chache baadaye. Hakuwa na umri wa miaka arobaini. Ndugu zetu wa Unguja na Pemba wasimhesabu basi kuwa kiongozi wa Bara tu: alikuwa Waziri Mkuu wa kwanza wa zama za Chama kimoja kwa pande zote mbili za Muungano, na mambo mazito ya pande zote mbili yalipita mezani kwake.

Mzigo aliopewa haukuwa mwepesi. Mwaka uleule wa 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, nasi tukalazimika kuanzisha wenyewe shirika la ndege, la reli, la posta na la bandari. Mwaka uliofuata majeshi ya Idi Amin yakavamia Kagera, na vita iliyoishia kwa kuanguka kwa Kampala mwezi Aprili 1979 ikameza fedha za kigeni ambazo taifa halikuwa nazo. Bei ya mafuta ikapanda duniani. Viwanda vikakosa malighafi na vipuri, malori yakalala juu ya mawe, mazao yakaozea vijijini. Mwaka 1980 Sokoine aliondoka katika wadhifa huo, akaenda Yugoslavia kusoma. Aliporudi na kuteuliwa tena, mwezi Februari 1983, alikuta nchi iko katika foleni.

Vijana hawaijui foleni ile, nasi tuliokuwa wadogo twaikumbuka. Sabuni ilikuwa bidhaa adimu, na sukari, na mafuta ya taa, na dawa ya meno, na kitambaa cha sanda. Bidhaa zilipitia katika makampuni ya biashara ya mikoa na maduka ya ushirika, zikagawiwa kwa kaya, na kati ya ghala na kaya mlikuwa na mikono mingi. Shehena iliyotoka kiwandani mchana ilionekana usiku nyuma ya duka kwa bei mara tatu. Katika mikoa yetu ya mpakani, ambako Tunduma inaelekea Zambia na Kyela inaelekea Malawi, magendo yalikuwa ajira ya watu wengi, na hayakuwezekana bila mtumishi wa umma kufumba jicho.

Mwishoni mwa Machi 1983 Serikali ikaanza kuwakamata iliowaita wahujumu uchumi. Katika majuma machache walikuwa wametiwa ndani watu zaidi ya 1,000, wafanyabiashara pamoja na watumishi wa mashirika ya umma na baadhi ya viongozi. Maghala yalifunguliwa na bidhaa zikaonekana. Wengine kwa hofu walitupa mali usiku, mitaroni, maporini na baharini. Wananchi wengi walifurahi, wala hatuwezi kuwalaumu. Mtu aliyesimama foleni tangu alfajiri kwa kipande cha sabuni, kisha akaona mamia ya katoni yakitolewa chini ya uvungu wa jirani yake, hahitaji kuhubiriwa dhulma ni nini.

Hapa ndipo wasimulizi wengi husimama. Sisi hatutasimama, kwa kuwa heshima ya kweli kwa marehemu ni kumtaja kwa ukweli. Watu walikamatwa kwanza, sheria ikatungwa baadaye, ikarudishwa nyuma ili iwafunike waliokwisha kukamatwa. Mashauri yalipelekwa kwenye baraza maalumu ambalo mawakili hawakuruhusiwa kuingia. Papa walikuwamo katika wavu huo, na dagaa nao walikuwamo: mwenye duka aliyeweka magunia mawili kwa ajili ya mwezi ujao, na mama aliyehifadhi vitenge vya harusi ya bintiye. Mwaka huohuo ilikuja Nguvu Kazi, na mijini wakasombwa watu walioitwa wazururaji, ambao wengi wao walikuwa wachuuzi wakitafuta riziki ya siku. Bidhaa zilizofichuliwa zilikwisha upesi. Baada ya hapo maduka yalikuwa meupe zaidi kuliko mwanzo, kwani hofu ilikuwa imemkimbiza hata yule aliyeuza kwa halali.

Chanzo cha uhaba kilikuwa kikubwa kuliko walanguzi. Mlanguzi hustawi penye upungufu kama funza penye kidonda, na kumwondoa funza bila kutibu kidonda ni kazi ya kurudiwa kila wiki. Nasi twasema kwamba Sokoine mwenyewe alilitambua jambo hili, na ushahidi uko katika matendo ya utawala wake.

Tazama usafiri wa Dar es Salaam. Mabasi ya Shirika la UDA yalikuwa hayatoshi, na watu binafsi waliobeba abiria walifukuzwa kama wahalifu. Mwaka 1983 Serikali yake iliwaruhusu kubeba abiria. Nauli ilikuwa shilingi 5, na sarafu ya shilingi 5 ilijulikana mitaani kwa jina la dala. Ndipo likazaliwa neno daladala, ambalo leo hutumika kutoka Mwanjelwa hadi Darajani, Unguja. Ni ajabu kwamba mtu anayekumbukwa kwa kuwaandama wafanyabiashara ndiye ambaye katika Serikali yake magari ya watu binafsi yalipata ruhusa. Kadhalika mwaka 1983 ilitolewa sera mpya ya kilimo iliyomfungulia mkulima mlango. Vyama vya ushirika, vilivyovunjwa mwaka 1976, vilikuwa vinarejea chini ya sheria ya mwaka 1982, na Serikali za Mitaa zilizofutwa mwaka 1972 zikaanza tena mwaka 1984. Alikuwa kiongozi mkali, lakini hakuona aibu kugeuza njia pale njia ya kwanza ilipokwama.

Mwanzo wa mwaka 1984 ulikuwa mzito kwa Visiwani. Mwezi Januari, katika kikao cha Halmashauri Kuu ya Taifa kilichofanyika Dodoma, Mzee Aboud Jumbe alijiuzulu nyadhifa zake, na Mzee Ali Hassan Mwinyi akashika uongozi wa Zanzibar. Miezi mitatu haikutimia. Alasiri ya tarehe 12 Aprili, Sokoine akiwa njiani kutoka Bungeni Dodoma kwenda Dar es Salaam, gari lake liligongana na gari jingine karibu na Dakawa, Mkoa wa Morogoro, mahali ambapo leo paitwa Wami Sokoine. Alikuwa na umri wa miaka 45. Jioni ile Mwalimu alilitangazia taifa msiba huo kwa Radio Tanzania, na waliosikia hawajaisahau sauti yake. Uvumi ulienea na haujafa hadi leo. Sisi hatuoni kwamba uvumi unamtukuza marehemu. Barabara zetu zinaua watu wema kila juma, na mteremko wa Iwambi hapa kwetu ni shahidi. Alizikwa kwao Monduli. Nafasi yake ilichukuliwa na Dakta Salim Ahmed Salim, mtoto wa Pemba.

Baada yake mambo yalikwenda mbio. Bajeti ya mwaka 1984 iliwaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa kutoka nje. Rafu zikajaa, mitumba ikaja, na Mwanjelwa hii tunayoijua, yenye marobota ya nguo yanayofunguliwa alfajiri, ni mtoto wa uamuzi huo. Mwaka huohuo sheria ya wahujumu ilifutwa na kutungwa nyingine iliyoyarudisha mashauri hayo katika Mahakama Kuu na kumrudishia mshitakiwa wakili wake. Sheria hiyo ya mwaka 1984 ingaliko, na neno la zama zile linaishi hata Visiwani, kwani mamlaka iliyoundwa mwaka 2012 inaitwa Mamlaka ya Kuzuia Rushwa na Uhujumu Uchumi Zanzibar.

Lakini jambo jingine halikubaki. Azimio la Arusha lilimkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili, kupangisha nyumba na kuwa na hisa katika makampuni. Mwezi Februari 1991 Halmashauri Kuu, ikiketi Zanzibar, ililegeza miiko hiyo. Mwaka 1995 ilitungwa sheria ya maadili inayomtaka kiongozi aandike mali zake katika fomu. Hatusemi miiko ya 1967 irudishwe kama ilivyokuwa. Nyakati zimebadilika na viongozi wana watoto wa kusomesha. Tunasema kwamba mwiko ulionekana na kila jirani, na fomu haionekani. Mwananchi wa Mwanjelwa alikuwa na uwezo wa kuhesabu nyumba za diwani wake. Fomu iliyofungiwa kabatini hana njia ya kuisoma.

Sasa turudi kwa watendaji wetu, ambao ndio tunaokusudia kusema nao. Mwanzoni mwa mwaka 2024 sukari iliadimika, Ramadhani ikiwa mlangoni. Mvua nyingi zilikuwa zimekwamisha miwa isifike viwandani. Maofisa walizunguka madukani wakisaka wenye kuuza juu ya bei elekezi, na baadhi ya wenye maduka madogo wakaacha kabisa kuiuza. Bei ilishuka sukari ya kutoka nje ilipoingia na viwanda viliporudi kazini. Somo la 1983 lilikuwa limesomwa tayari, na ada yake tulikwisha kuilipa. Kwa nini tulipe mara ya pili?

Vivyo hivyo kwa soko letu. Soko la Mwanjelwa liliteketea kwa moto mwaka 2006, likajengwa upya kwa mkopo wa benki ambao hulipwa, kwa njia moja au nyingine, na mfuko wa mchuuzi. Mchuuzi huyo ana haki ya kuuliza hesabu ya jengo lile, senti kwa senti, kabla mgambo hajamwuliza risiti ya ushuru. Waliosoma chuoni wanajua kwamba anayepunja mizani na anayekula amana wamesimama katika kosa moja, ila wa pili ndiye aliyekabidhiwa mizani ya watu wote. Kumwadhibu wa kwanza hadharani na kumhamisha wa pili kituo cha kazi ni kuipindua haki miguu juu.

Pendekezo letu ni jepesi. Kila halmashauri, Bara na Visiwani, na ibandike mlangoni pake kila mwezi Aprili kurasa zinazoihusu katika taarifa ya mkaguzi wa upande wake, kwa Kiswahili kinachosomeka, pamoja na jibu la mkurugenzi juu ya kila hoja na jina la ofisa atakayeitengeneza. Gharama yake ni karatasi na gundi. Ofisa atakayechukizwa na karatasi hiyo ndiye hasa iliyokusudiwa. Na chombo cha Chama katika wilaya kiisome kikaoni kabla ya kwenda kuweka mashada, ili siku ya tarehe 12 anayesimama kumsifu Sokoine awe amekwisha kueleza fedha ya zahanati imekwenda wapi.