Gari Ambalo Steve McQueen Hakulipata Tena

Siku mbili kabla bumu halijaingia, baba mdogo alinipigia simu. Nilipomwamkia tu akaingia kwenye hoja. Ile Peugeot 504 ya baba, iliyolala chini ya mwembe tangu nikiwa darasa la tano, imepata mteja. Mteja mwenyewe ni mtu wa vyuma chakavu, ananunua kwa kilo. Na mimi, kwa kuwa nasoma uhasibu, natakiwa niseme kama bei ni halali.

Nikakaa kimbweta na simu yangu, nikaacha kazi ya kukusanya kesho yake, nikaanza kutafuta jinsi gari kuukuu linavyopata bei. Kumbe hilo ni somo kamili, na waliolizamia zaidi ni Wamarekani, hasa kwenye yale magari yao ya miaka ya sitini wanayoyaita magari ya misuli: bodi ya kawaida, injini kubwa ya V8. (Hapa kwetu ukisema V8 watu wanamfikiria mkurugenzi. Kule ilikuwa ni kijana wa miaka ishirini na mbili aliyepata mshahara wake wa kwanza.) Na kila nilikosoma jina moja lilirudi: Steve McQueen, mwigizaji aliyekufa 1980. Nikajikuta nimeacha magari, nasoma maisha ya mtu.

Alizaliwa 24 Machi 1930, Beech Grove, jimbo la Indiana. Baba yake alikuwa rubani wa maonyesho ya ndege, akaondoka mtoto akiwa na miezi michache tu. Mama alikuwa mlevi na malezi yakamshinda. Mtoto akapelekwa Slater, Missouri, shambani kwa mjomba wa mama yake aliyeitwa Claude, ambaye sisi tungemwita babu. Huyu babu ndiye aliyempa baiskeli nyekundu ya magurudumu matatu alipotimiza miaka minne, na McQueen alisema baadaye kwamba mapenzi yake ya mashindano yalianzia kwenye baiskeli hiyo. Sikio moja lilikuwa halisikii vizuri, na kusoma kulimtesa.

Kisha mama akamrudisha mjini, kwa baba wa kambo aliyekuwa akimpiga. Mtoto akaishia mitaani, kwenye makundi ya wizi mdogo mdogo, mpaka akapelekwa Boys Republic, shule ya wavulana watukutu huko Chino, California. Mwanzoni alitoroka. Baadaye akatulia. Hapo ndipo mahali pekee utotoni ambapo naona alipata kitu kinachofanana na nyumbani, na hata alipokuwa tajiri aliendelea kurudi kuongea na wale vijana na kujibu barua zao. Watu wengi wanaomwandika wanalipita hili haraka ili wafike kwenye magari. Mimi nadhani ndilo jambo zuri kuliko yote aliyoyafanya.

Mwaka 1947 alijiunga na wanamaji wa vita wa Marekani. Alishushwa cheo mara kadhaa na kuwekwa mahabusu kwa utoro. Alitoka 1950, na mpango wa serikali wa kuwasomesha waliotumikia jeshi ukamlipia masomo ya uigizaji New York. Yaani lilikuwa kama bumu letu, tofauti ni kwamba wao hawakudaiwa kurudisha. Wikiendi alikuwa anashindana kwa pikipiki Long Island ili apate hela ya kula.

Yaliyofuata wengi mnayajua hata kama jina hamlijui. Tamthilia ya televisheni kuanzia 1958, The Magnificent Seven 1960, The Great Escape 1963. Ndani ya miaka kumi, yule mtoto wa Slater akawa miongoni mwa waigizaji waliolipwa vizuri zaidi duniani.

Sasa turudi kwenye magari, maana hapa ndipo njia mbili zinakutana. Tarehe 17 Aprili 1964 kampuni ya Ford ilitoa Mustang kwa bei ya kuanzia dola 2,368. Mwaka huohuo Pontiac wakachukua gari la ukubwa wa wastani, wakaliwekea injini ya gari kubwa, wakaliita GTO. Vijana waliozaliwa baada ya vita walikuwa wengi na walikuwa na ajira, wakayagombania. Mustang peke yake ziliuzwa zaidi ya 400,000 katika mwaka wa kwanza. Hakuna aliyeyaona kama hazina. Yalikuwa magari ya kuendea kazini na kushindania kwenye taa za barabarani usiku.

Mwaka 1968 McQueen akaigiza Bullitt, filamu ya askari mpelelezi wa San Francisco. Walichukua Mustang mbili za kijani zinazofanana, moja ya kuonekana, nyingine ya kurukishwa. Mkimbizano wao na Dodge Charger nyeusi unachukua karibu dakika kumi na moja kwenye vilima vya mji ule, hauna muziki wakati magari yanafukuzana kweli, ni injini na tairi tu. McQueen aliendesha mwenyewe sehemu nzuri ya tukio lile, ingawa ile mishtuko mikubwa ilifanywa na rafiki yake Bud Ekins, ndiye yuleyule aliyeruka uzio kwa pikipiki katika The Great Escape. Filamu ilipokwisha, Mustang iliyorukishwa sana ikatupwa kama chuma chakavu. Ile nyingine akauziwa mfanyakazi wa studio.

Kisha magari yale yakaanguka. Kampuni za bima zilikuwa zimeanza kuwatoza vijana viwango vya kutisha. Sheria ya hewa safi ya 1970 ikawalazimisha watengenezaji kupunguza moshi, na nguvu ya injini ikapungua nao. Oktoba 1973 nchi za Kiarabu zikazuia mafuta yasiende Marekani, foleni zikajaa kwenye vituo, na gari linalokunywa kama ngamia likawa mzigo. Kwa muda wote uliobaki wa miaka ile ya sabini, mwanafunzi aliyefanya vibarua vya likizo aliweza kununua gari ambalo leo lina thamani ya nyumba. Maelfu yalipondwapondwa. Hapo nikamkumbuka baba mdogo na mzani wake.

McQueen naye hakuwa salama. Machi 1970 alishika nafasi ya pili katika mashindano ya saa 12 ya Sebring akiwa na Peter Revson, mguu wake mmoja ukiwa kwenye plasta. Huo ulikuwa utukufu. Lakini filamu yake ya Le Mans ya 1971, aliyoitaka iwe ushuhuda wa kweli wa mbio za magari, ilimmeza: fedha zikaisha, mwongozaji akaondoka, watazamaji hawakuja, na ndoa yake na Neile Adams ikavunjika. Sitaki kumpamba. Hakuwa mwaminifu katika ndoa, alitumia dawa za kulevya, na Neile ameandika kitabu kuhusu maisha yao ambacho kina mambo mazito. Baada ya The Towering Inferno ya 1974, iliyomletea hela nyingi mno, karibu atoweke. Akafuga ndevu, akanenepa, akawa anakusanya pikipiki kuukuu.

Mwaka huohuo wa 1974, ile Mustang ya kijani ilitangazwa kwenye jarida la magari kwa dola 6,000, hela ambayo ingetosha kununua gari jipya. Akaichukua mtu mmoja wa New Jersey. Hakuiweka kwenye kioo. Mkewe aliiendea shuleni alikokuwa anafundisha.

Desemba 1977 McQueen alimwandikia barua. Alisema angependa kuipata tena, aibakize ndani ya familia kama ilivyo, na alikuwa tayari kumtafutia mwenyewe Mustang nyingine mbadala. Akaongeza kwamba kama bei itakuwa kubwa sana, basi wasahau. Hapo nilisimama kidogo. Mtu huyu angeweza kununua yadi nzima, lakini bado alikuwa na ule ubahili wa mtoto aliyewahi kulala njaa. Na mwenye gari, mtu wa kipato cha kawaida tu, hakuuza.

Miaka miwili baadaye McQueen aligundulika ana saratani ya utando wa mapafu, ile inayohusishwa na vumbi la asbesto. Alikwenda Mexico kutafuta tiba ambazo madaktari wa kwao walizikataa. Alifia Ciudad Juárez baada ya upasuaji, 7 Novemba 1980, ana miaka 50. Mwaka uleule klachi ya ile Mustang ikafa. Familia ikaiegesha ikisubiri matengenezo, na matengenezo yakasubiri maisha. Wangapi tunazijua nyumba za namna hiyo?

Wakati gari limelala, dunia ilikuwa inabadilika nje. Wale vijana wa 1964 walifika umri wa miaka arobaini, wakawa na hela na ukumbi wa kuwekea kumbukumbu. Mwishoni mwa miaka ya themanini bei zilipanda, mwanzoni mwa tisini zikaporomoka na kuwaumiza waliokopa ili kununua. Zikapanda tena baada ya 2000 minada ilipoanza kuonyeshwa kwenye televisheni, zikaanguka na benki 2008, zikainuka tena. Juni 2014 Plymouth Hemi 'Cuda ya wazi ya 1971, aina ambayo zilitengenezwa 11 tu, iliuzwa Seattle kwa dola milioni 3.5. Na kitu chochote alichokigusa McQueen kilikuwa na bei yake ya peke yake. Mwaka huohuo Ferrari yake moja ilipita dola milioni 10.

Mwaka 2017 ile Mustang nyingine, ya kurukishwa, iliibuka kwenye uwanja wa vyuma chakavu Mexico, ganda tupu limepakwa rangi nyeupe. Mwaka uliofuata familia ya yule mtu wa New Jersey, naye ameshafariki, ikaitoa ya kwao hadharani Detroit, na barua ya McQueen ikiwa pamoja nayo. Januari 2020 ikauzwa mnadani Florida kwa dola milioni 3.74 pamoja na ada za mnada, Mustang ghali kuliko zote zilizokuwa zimewahi kupigwa mnada. Ilikuwa na kutu na mikwaruzo yake. Hawakuigusa rangi, maana rangi mpya ingeshusha bei.

Kama mhasibu mtarajiwa, niliandika kwenye daftari kilichonunuliwa pale: chuma kidogo, uhaba, karatasi zinazothibitisha, na mtu aliyekufa. Peugeot ya baba haina mtu maarufu. Ina uhaba unaoanza kuja, maana 504 zilizoshinda Safari Rally 1975 na 1978 zina wapenzi wake, ila zile zilikuwa za mashindano na hii ilikuwa inabeba mahindi. Sikumdanganya mtu kwamba tutatajirika.

Nilimpigia baba badala ya baba mdogo. Nilimwamkia, nikamuuliza kadi ya gari bado ipo? Akasema ipo, kabatini, pamoja na risiti za spea zote tangu alipolinunua, na funguo mbili. Nikamwomba lisipimwe kwa kilo mpaka nirudi likizo. Akanyamaza kidogo, akasema kuna kuku anaatamia kwenye siti ya nyuma, kwa hiyo wiki tatu hizi halitoki hata hivyo. Kisha akaniuliza kama nimekula.