Dennis Ritchie: Mwasisi wa lugha ya C aliyeaga dunia kimyakimya

MWANAFUNZI wa tarakilishi katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, Nyeri, akikesha akijiuliza ni kwa nini pointa aliyoisogeza ndani ya fankisheni haikusogea nje yake, huwa anapambana na kazi ya Mmarekani mmoja, Dennis Ritchie.

Ritchie alizaliwa Septemba 9, 1941 mjini Bronxville, jimbo la New York. Babake, Alistair, alikuwa mtaalamu wa Bell Labs, na mwana akamfuata huko mwaka wa 1967 baada ya masomo ya fizikia na hisabati Harvard. Ndiko alikoshirikiana na Ken Thompson, aliyeanza kuunda mfumo wa Unix mwaka wa 1969.

Thompson alikuwa na lugha yake, B, na ndiye aliyebuni alama ya ++ ya kuongeza moja. Hata hivyo, B haikutofautisha aina za data, na ilipofikishwa kwenye tarakilishi ya PDP-11 ililemewa. Kati ya 1971 na 1973 Ritchie aliiongezea aina hizo, C ikazaliwa. Tangu hapo pointa, ambayo hubeba anwani ya data katika kumbukumbu, ikiongezwa moja huruka kitu kizima, si baiti moja tu.

Soko la Karatina linatosha kuwa mfano. Tajiri ana karatasi yenye nambari ya kibanda cha kwanza katika safu. Kuongeza moja ni kuhamia kibanda kinachofuata, kiwe kipana au chembamba. Akimtuma kijana, humpa nakala ya karatasi hiyo. Kijana akifuta nambari na kuandika ya kibanda cha pili, karatasi ya tajiri ingali inaonyesha cha kwanza. Lakini akipakua viazi kibandani, viazi vimekwenda kweli. Ili karatasi yenyewe ibadilike, sharti kijana aonyeshwe mahali ilipowekwa, yaani apewe pointa ya pointa. Hapo ndipo wanagenzi hutokwa na jasho.

Isitoshe, nakala haimwambii kijana safu inaishia wapi. Ritchie alimwachia mtunzi wa programu mzigo huo, na gharama yake ilidhihirika Novemba 1988, mdudu wa Morris alipovamia maelfu ya tarakilishi kwenye intaneti. Njia yake mojawapo ilikuwa fankisheni ya C iliyopokea anwani bila kujua kipimo cha safu, ikajaza data kupita mpaka.

Sifa hazikumpita. Kitabu alichoandika na Brian Kernighan mwaka wa 1978 kilienea duniani, na mwaka wa 1983 yeye na Thompson walipewa Tuzo ya Turing. Linux, kiini cha simu za Android zinazotumika Nyeri, Nanyuki na Chuka, imeandikwa kwa sehemu kubwa kwa C.

Alistaafu mwaka wa 2007. Oktoba 12, 2011 alipatikana amefariki nyumbani kwake Berkeley Heights, New Jersey, alikoishi peke yake. Alikuwa na umri wa miaka 70. Steve Jobs alikuwa amefariki wiki moja tu kabla, na kurasa za magazeti zilikuwa bado zimejaa picha zake. Habari za Ritchie zilitangazwa mtandaoni na Rob Pike, mwenzake wa zamani kazini.