Lacaille: Shemasi aliyeihesabu mbingu ya kusini kwa darubini ya nusu inchi

Wakazi wengi wa mijini hudhani kwamba elimu ya nyota ni shughuli ya mataifa tajiri, yenye mitambo mikubwa iliyojengwa juu ya milima kwa gharama ya mabilioni ya fedha. Dhana hiyo ina sehemu ya ukweli. Hata hivyo, orodha ya kwanza iliyopangwa kwa utaratibu ya mawingu na mafungu ya nyota ya mbingu ya kusini iliandikwa katika bara hili la Afrika, mjini Cape Town, na mtu mmoja aliyetumia darubini yenye lenzi ya upana usiozidi ukucha wa kidole gumba.

Mtu huyo ni Nicolas-Louis de Lacaille, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1713 katika kijiji cha Rumigny, kaskazini-mashariki mwa Ufaransa. Alipelekwa Paris kusoma, lakini baba yake alifariki dunia akiwa bado masomoni na kumwacha bila njia ya kujikimu. Bwana mmoja mkubwa, Mtawala wa Bourbon, ndiye aliyemlipia gharama akaendelea na masomo ya dini. Alifikia daraja la ushemasi, na kwa sababu hiyo aliitwa Abbé maisha yake yote. Moyo wake, hata hivyo, ulikuwa umekwisha kutekwa na hisabati na nyota.

Kazi yake ya kwanza haikuwa ya nyota bali ya ardhi. Mwaka 1738 alishiriki kupima pwani ya Ufaransa kutoka Nantes hadi Bayonne, na baada ya hapo akaingizwa katika kazi ya kuipima upya nchi hiyo kutoka kaskazini hadi kusini. Umakini wake ulimpatia kiti cha ualimu wa hisabati katika Chuo cha Mazarin jijini Paris, na mwaka 1741 akapokewa kuwa mwanachama wa Akademia ya Sayansi ya Kifalme. Miongoni mwa wanafunzi waliokuja kumsikiliza chuoni hapo alikuwamo kijana Antoine Lavoisier, ambaye baadaye alipata umaarufu mkubwa katika kemia.

Wakati huo ramani za nyota zilikuwa na kasoro kubwa. Mbingu ya kaskazini ilikuwa imechunguzwa na vizazi vingi, lakini mbingu ya kusini, ambayo haionekani kutoka Ulaya, ilijulikana kwa juujuu tu. Mwingereza Edmond Halley alikwenda katika kisiwa cha Saint Helena mwaka 1677 na kurudi na nyota 341. Nahodha aliyevuka Ikweta kuelekea Bahari ya Hindi hakuwa na orodha ya kutosha ya nyota za kumwongoza. Lacaille aliiomba Akademia imruhusu kwenda kuliziba pengo hilo, na ombi lake likakubaliwa.

Aling'oa nanga kutoka bandari ya Lorient mwezi Novemba mwaka 1750. Chombo kilipitia Rio de Janeiro, na mwezi Aprili mwaka 1751 akateremka Rasi ya Tumaini Jema. Rasi hiyo ilikuwa koloni la Kampuni ya Kiholanzi ya India ya Mashariki, iliyotegemea kazi ya watumwa waliotolewa Msumbiji, Madagaska na nchi za Asia, na iliyokuwa ikiwanyang'anya Wakoikoi malisho yao. Gavana Ryk Tulbagh alimpokea mgeni huyo vizuri, na akajengewa chumba kidogo cha kutazamia nyota katika ua wa nyumba aliyokaribishwa, mtaa wa Strand.

Hapo ndipo ilipoanza kazi ambayo hadi leo huwashangaza wanafalaki. Lacaille aliifunga darubini yake ndogo kwenye kifaa kikubwa cha kupimia pembe. Darubini hiyo ilikuwa na lenzi ya kipenyo cha nusu inchi, yaani milimita 13 hivi, na ilikuza mara nane tu. Hakuizungusha huku na huko kutafuta nyota. Aliielekeza upande wa meridiani, akaiacha imetulia, na Dunia ikazunguka yenyewe. Nyota zilipita mbele yake moja baada ya nyingine, naye akaandika kwa saa ya ukutani wakati kila moja ilipoingia na ilipotoka katika alama aliyoiweka ndani ya darubini. Alipomaliza ukanda mmoja wa mbingu, alihamia wa pili.

Kazi hiyo ilichukua takriban mwaka mmoja, kuanzia Agosti 1751 hadi Julai 1752. Upepo mkali wa kusini-mashariki, ambao wakazi wa Cape Town wanaujua vizuri mpaka leo, uliivuruga hewa hata nyota zikachezacheza machoni pake. Hakuwa na msaidizi wa kupokezana naye usiku. Hata hivyo, mwaka ulipokwisha alikuwa ameandika mahali pa nyota zinazokaribia 10,000.

Katika kuhesabu nyota hizo, alikutana na vitu ambavyo havikuwa nyota. Vilionekana kama ukungu mdogo uliosahauliwa angani. Alivikusanya 42 na kuvigawa katika mafungu matatu ya 14: mawingu yasiyo na nyota ndani yake, mawingu ambayo kwa darubini yalionekana kuwa nyota nyingi zilizosongamana, na nyota zilizozungukwa na ukungu. Orodha hiyo aliiwasilisha mbele ya Akademia mwaka 1755.

Leo tunajua zaidi kuhusu vitu hivyo. Baadhi vilikuwa nyota za kawaida zilizokaribiana, ambazo darubini yake dhaifu haikuweza kuzitenganisha. Vingine ni miongoni mwa fahari za mbingu yote. Limo fungunyota la 47 Tucanae, mkusanyiko wa mamia ya maelfu ya nyota. Limo wingu la Tarantula, kiwanda cha nyota changa kilicho umbali wa takriban miaka 160,000 ya nuru, nje kabisa ya galaksi yetu. Limo wingu kubwa linaloizunguka nyota ya Eta Carinae, na fungunyota la rangirangi lililo kando ya Salibu, yaani msalaba wa kusini. Zaidi ya yote, usiku mmoja wa Februari 1752 aliona doa hafifu ambalo sasa huitwa M83. Doa hilo ni galaksi nzima, iliyo umbali wa takriban miaka milioni 15 ya nuru. Nuru hiyo ilisafiri muda wote huo ikaja kuingia katika lenzi ya milimita 13, nyuma ya nyumba moja ya Cape Town.

Charles Messier, ambaye orodha yake ndiyo inayotumiwa zaidi na watazamaji wa nyota duniani, aliingiza M83 pamoja na vitu vingine vya Lacaille katika orodha hiyo. Lakini vingi kati ya vile 42 hakuweza hata kuviona, kwa kuwa kwa mtu aliyeko Paris haviinuki kamwe juu ya upeo wa macho.

Lacaille hakuishia kwenye nyota. Alipima umbali wa Mwezi kwa kuutazama kutoka Rasi huku kijana wa miaka 19, Jérôme Lalande, akiutazama kutoka Berlin. Miji hiyo miwili inakaribia kuwa katika mstari mmoja wa kaskazini-kusini, na tofauti ya pembe kati ya macho yao ndiyo iliyotoa hesabu. Mwaka 1752 alisafiri pia kwa mabehewa ya kukokotwa na ng'ombe kwenda kaskazini mwa Cape Town ili kupima umbo la Dunia.

Katika kazi hiyo ya mwisho ndipo alipokwama. Vipimo vyake vilionyesha kwamba nusu ya kusini ya Dunia haikubonyea kama ya kaskazini, jambo lililomaanisha kuwa sayari yetu ina umbo la pea. Alirudia hesabu, hakuona kosa. Wataalamu walibaki na fumbo hilo kwa karibu miaka 90. George Everest, ambaye jina lake limepewa mlima mrefu kuliko yote duniani, alipita Rasi mwaka 1820 na kushuku kwamba milima ya karibu ndiyo iliyosababisha tatizo. Kati ya mwaka 1841 na 1848, Thomas Maclear alipima upya na kuthibitisha shaka hiyo. Uzito wa milima ulikuwa umeivuta timazi ya Lacaille kidogo sana kando, kiasi cha kuharibu matokeo. Mkono wa mpimaji haukuwa na lawama.

Aliporudi Ufaransa mwaka 1754, baada ya kupitia Mauritius, alikuta jina lake limetangulia mbele yake. Badala ya kufurahia sifa, alijifungia kukokotoa. Hesabu za nyota zile zote zilimshinda mtu mmoja kuzimaliza, naye akachagua 1,942 zilizo muhimu zaidi. Aliendelea kukesha hadi afya yake ikadhoofika, na tarehe 21 Machi 1762 akafariki dunia jijini Paris kabla ya kutimiza miaka 50. Kitabu cha nyota zake za kusini kilitoka mwaka uliofuata. Orodha kamili ilisubiri mpaka mwaka 1847.

Jambo moja katika urithi wake linastahili kutafakariwa na Waafrika. Ili kujaza sehemu za mbingu ambazo hazikuwa na majina katika ramani za Ulaya, Lacaille aliunda makundinyota 14 mapya, na yote yamo katika orodha rasmi ya makundinyota 88 inayotumika duniani kote leo. Aliyaita kwa majina ya zana za karne yake: darubini, hadubini, saa, dira, bikari, tanuri, pampu ya hewa na nyinginezo. Jina moja tu alilichukua kutoka Afrika, nalo ni la Mlima wa Meza, uliosimama juu ya mji aliofanyia kazi. Lakini watu wa kusini mwa Afrika walikuwa na majina yao ya nyota kabla hajafika, kama vile wakulima wa kwetu walivyoitazama Kilimia ili kujua majira ya kupanda. Majina hayo hayakuingia katika ramani, kwa sababu aliyeshika kalamu hakuyauliza. Sifa ya bidii yake haipungui kwa kulisema hilo.

Tangu mwaka 2005, Afrika Kusini ina darubini ya SALT huko Sutherland, yenye kioo cha upana wa mita 11 hivi. Hiyo ni kazi ya mataifa. Lakini darubini ya kawaida ya macho mawili yenye lenzi za milimita 50 hukusanya, kwa kila jicho, nuru takriban mara 15 kuliko ile aliyokuwa nayo Lacaille. Kifaa cha namna hiyo huingia katika mfuko wa safari bila taabu.

Msomaji anayekwenda likizo kijijini, mbali na taa za Dar es Salaam, Nairobi au Mombasa, yuko mahali pazuri kuliko Paris yote. Kati ya Aprili na Juni, mapema usiku usio na mbalamwezi, atazame kusini. Ataiona Salibu, na upande wake wa magharibi wingu la Eta Carinae. Mwezi Desemba, mawingu ya mvua yakiruhusu, upande huohuo wa kusini kuna Tarantula. Asitarajie rangi za picha za magazetini. Ataona ukungu hafifu, kama alivyouona Lacaille, na macho yatahitaji robo saa kuzoea giza kabla ya kuona chochote.

Anachohitaji ni giza la kutosha na subira. Giza bado lipo tele vijijini kwetu, ingawa hupungua kila mwaka kadiri miji inavyopanuka. Subira ndiyo aliyokuwa nayo shemasi wa Rumigny, na ndiyo iliyomwezesha kuona galaksi kwa lenzi ambayo leo wengi wangeidhania kuwa ya mtoto wa kuchezea.