Mwalimu alipokuwa mwanachuo Edinburgh

Jumamosi tulitoka Kihesa, mimi na wenzangu wawili, tukapanda mwamba wa Gangilonga. Wazee wanasema Mkwawa alikuwa akikaa pale kutafakari. Mji wa Iringa wote uko chini yako, raha tupu, lakini moyo ulikuwa unanisuta: vitabu nimeviacha chumbani.

Nikamkumbuka Mwalimu Nyerere, Mtumishi wa Mungu. Alibatizwa 1943, na 1949 akafika Edinburgh, Uskochi, mji wenye kilima chake cha mawe, Arthur's Seat, si mbali na chuo. Nyumbani kuna mchumba, Maria, anasubiri, na nchi iko chini ya Waingereza. Ningekuwa mimi ningekesha na madaftari. Yeye alichagua masomo yasiyommeza, makusudi kabisa, apate muda wa kusoma anachotaka na kufikiri. Baadaye alieleza kwamba msimamo wake wa siasa ulikomaa kulekule. Mimi falsafa nimeimaliza kwa kukariri, jamani, hilo linanichoma.

Akahitimu 1952, akamwoa Maria Januari 1953, akafundisha Pugu. TANU ikazaliwa 1954.

Tulishuka Gangilonga jua likizama.